Nampeleka mamangu Sharjah, ana insulini, sindano na mashine ya pumu: niviweke begi gani?

BintiMkomani, Lamu

Assalam aleikum jamaa. Naomba mnijibu kwa roho safi manake zimebaki wiki tatu na mimi usiku silali. Dadangu yuko Sharjah, huko Emirati karibu na Dubai, amejifungua, na mamangu anataka kwenda kumkanda mwanawe na kumuona mjukuu, na mimi ndiye wa kumpeleka, tutakaa wiki sita inshallah. Mama ana miaka 66, ana sukari ya siku nyingi, anapiga insulini asubuhi yuniti 20 na jioni 12, ile ya chupa ya kuvuta na sindano, si kalamu. Ana presha. Ana pumu na ana mashine ya mvuke ya kuchomeka kwa stima, na juu ya hayo miguu yamuwaka moto usiku mpaka alia, kwa hiyo kuna tembe za maumivu alizopewa klinik moja Malindi.

Sasa safari yenyewe ni boti mpaka uwanja wa ndege wa Manda, mchana ndege ndogo mpaka Nairobi halafu usiku ndege kubwa mpaka Dubai. Jirani yetu ameniambia tia kila kitu begi kubwa lile linaloingia chini, ati ukionekana na sindano mkononi utashushwa mbele ya watu. Mwengine ananiambia insulini ikikosa friji saa moja imekufa. Mwengine ananiambia mashine itapigwa eksirei iharibike. Na mama mwenyewe dawa zake zote za tembe anazitia kwenye mkebe wa biskuti, amezikata kutoka kwa karatasi zao ili zienee, nyengine ziko kwa zile bahasha ndogo za kaki za hospitali zimeandikwa 1x2 basi. Nikimwambia tuzipange aniambia "mimi najua dawa zangu kwa rangi". Nianzie wapi jamani?

Nahodha_Langoni

Waaleikum salaam dadangu. Jambo moja nakuombea Mungu usilifanye nalo ni hilo la jirani yako.

Mimi mwaka 2019 nalimpeleka babangu India kwa ajili ya moyo na yeye pia ni mtu wa insulini. Nikazifunga zile chupa mbili vizuri kwa kikoi, nikazitia katikati ya nguo kwenye begi kubwa, nikajiona nimefanya kazi ya maana. Tumefika, tukalipata begi, chupa hazijavunjika, naziona sawa tu. Asubuhi tukapima sukari 14, nikampiga sindano yake ya kawaida. Mchana 17. Nikasema labda ni chakula cha ndege. Jioni nikampiga tena, usiku tukapima 19 na baba ashaanza kukojoa kila nusu saa na kiu haimuishi. Tulipompeleka hospitali daktari swali lake la kwanza lilikuwa, hii dawa imesafiri wapi? Nikamwambia begini. Akaichukua ile chupa akaenda nayo dirishani, akaizungusha taratibu kwenye mwanga, akaniita nione: ukutani mwa chupa, ndani, kulikuwa na vichembe vyeupe vimenata kama unga wa mchele uliokauka sufuriani. Ameniambia hii iliganda barafu huko chini, ikiganda hata ikiyeyuka nguvu hazirudi tena, na kuna wakati huoni hata hivyo vichembe, waiona safi kumbe ni maji tu. Akaitupa mbele yangu. Tulipata mpya siku hiyohiyo na siku ya pili sukari ikaanza kushuka.

Na hapo begi lilifika. Je, lingebaki njiani siku tatu kama yanavyobaki mabegi ya watu? Dawa yake iwe nawe mkononi dadangu, kila dakika, hata ukienda chooni.

Mfamasia_Malindi

Nahodha amesema kweli na mimi naongeza kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa Malindi.

Insulini ina maadui wawili, kuganda na joto kali, na watu wetu wa pwani wanaogopa joto peke yake wakasahau kuganda, ndio unaona mtu amefunga chupa pamoja na jiwe la barafu limeigusa moja kwa moja, hiyo pia unaiua. Chupa ambayo haijafunguliwa mahali pake ni friji, digrii 2 mpaka 8. Lakini ile inayotumika inakaa nje, aina nyingi wanasema siku 28 bila joto kupita digrii 25 au 30, soma karatasi iliyomo ndani ya boksi lako manake zinatofautiana. Kwa hiyo hilo la saa moja ondoa hofu kabisa. Kuna utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva ulitoka 2021, wazo lilitoka kwa wagonjwa wa kambi ya Dagahaley kule Dadaab, hapo jirani zetu tu, watu ambao nyumbani hawana friji. Walijaribu joto la kupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 kwa wiki 4 na insulini ikabaki na nguvu yake. Sisemi uiache juani, nasema safari ya siku moja na mfuko mzuri haitaiua.

Mfuko wenyewe: kile kijifuko cha kuhifadhi baridi, pakiti ya barafu uifunge na taulo dogo au leso mara mbili, chupa zikae katikati ya kitambaa zisiguse barafu. Kama hupati hiyo, leso iliyoloweshwa ikakamuliwa vizuri, chupa ukaitia kwanza mfuko usioingia maji, upepo unaipoza kama mtungi wa maji unavyopoza.

Hesabu sasa. Yuniti 20 na 12 ni 32 kwa siku. Wiki sita ni siku 42, mara 32 ni yuniti 1,344. Chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Kwa hiyo zinatosha mbili lakini wewe beba tatu, na usizitie zote mfuko mmoja, mbili kwako moja kwa mkoba wa mama, zote mkononi. Na hapo nijibu pia suala la maji ya mkononi yasipite mililita 100 kwa chupa ambalo wengi wanalitaja, hiyo sheria ilianza 2006 baada ya njama ya kulipua ndege kugunduliwa Uingereza, lakini dawa ya mgonjwa hairudishwi kwa sheria hiyo, waitoa waionyesha, na chupa yako yenyewe ni mililita 10 tu haifiki hata karibu.

Sindano ruhusa, almradi ziko pamoja na dawa yake na barua. Eksirei ya kukagulia mizigo haifanyi kitu insulini wala mashine ya mvuke. Wanaotakiwa kuwa waangalifu ni wale wenye pampu ya insulini au ile sensa ya kubandika mkononi, kampuni nyingi zinasema usiipitishe eksirei wala usiingie nayo mashine ya kukagua mwili, uombe ukaguliwe kwa mkono. Mama yako hana hizo.

Mkebe wa biskuti haupandi ndege. Na hizo bahasha za 1x2 pia hapana. Kila tembe irudi kwenye boksi lake lenye jina, na kama mabokisi yametupwa nenda ulikonunua uombe mapya yenye lebo. Barua ya daktari iwe ya Kiingereza, ina muhuri na sahihi, imetaja ugonjwa, jina halisi la dawa si la kampuni, kipimo, na kwamba anahitaji sindano na mashine. Na tafadhali sana jina la kwenye barua liwe ni lile la pasipoti. Nawaona wazee wetu kila siku, kadi ya klinik imeandikwa jina la nyumbani, pasipoti ina majina matatu mengine kabisa.

Sasa mimi nina swali langu na ndilo muhimu kuliko yote uliyouliza. Hizo tembe za miguu zinaitwaje? Usiniambie rangi. Niandikie jina.

BintiMkomani

Shukran sana ndugu zangu. Nahodha pole kwa babako, nimeisoma kwa sauti mama akasikia na yeye mwenyewe amesema dawa hatoki nayo mkononi.

Mfamasia, ilinibidi nimwage mkebe wote juu ya mkeka. Kwa zile za miguu, bahasha moja imeandikwa Tramadol 50 na ina tembe kama 40 hivi. Nyengine ilikuwa kwa karatasi ya fedha iliyokatwa, nimeunganisha vipande viwili ndio nikasoma, Pregabalin 75. Nyengine nimeikuta ni dawa ya kikohozi ya chupa, nyuma imeandikwa ina codeine. Na kuna unga mweusi kwenye kikaratasi, mama asema ni wa tumbo, alipewa na mzee mmoja wa Matondoni.

Sharjah_tangu_2011

Dadangu SIMAMA HAPO HAPO. Mimi ni mtu wa Malindi, Shella, naishi huku Emirati na ndio nakuandikia sasa hivi kabla sijalala manake nimeshtuka.

Hivyo vitu vitatu ulivyovitaja, tramadol, pregabalin na dawa yoyote yenye codeine, huku ni dawa za kudhibitiwa. Si kama huko nyumbani. Ukikutwa nazo bila karatasi zake hukutwi kama mgonjwa, wakutwa kama mtu aliyeingiza mihadarati, na umri haukutetei. Watu wamelala ndani kwa sababu ya tembe za mgongo jamani, na hawakuwa wauzaji, walikuwa wanaumwa tu. Sindano ulizokuwa unaziogopa hakuna askari wa Dubai atakaeshughulika nazo, wanaziona elfu kwa siku. Hii ya bahasha ya kaki ndiyo.

Njia ipo lakini ni ya kufanywa MAPEMA. Serikali ya huku ina fomu kwenye tovuti yake ya kuomba idhini ya kuingia na dawa za kudhibitiwa kwa matumizi yako mwenyewe. Utaweka pasipoti, cheti cha dawa, ripoti ya daktari ya Kiingereza, na idadi unayobeba. Ukipata idhini waichapisha, waitia na dawa, ukishuka ukiulizwa waionyesha na kama hukuulizwa pia uwe nayo. Usipitie kwa wakala wa mtaani anayekwambia mpe hela akushughulikie, fanya mwenyewe au dadako akusaidie. Na ingia na ile idadi uliyoandika tu, si tembe 40 kwa sababu zimo mkebeni.

Kile kikohozi chenye codeine kiache Lamu. Unga mweusi uache Lamu, usiojulikana una nini na wewe mwenyewe huwezi kumueleza askari wa saa tisa za usiku ni nini. Na kama mama alikuwa amekusudia kumletea mwanawe viungo vya uzazi, angalia kusiwe na khashkhash ndani, huku imekatazwa kabisa kwa sababu inatokana na mmea wa kasumba. Miraa nadhani sihitaji hata kutaja.

Msafiri_Watamu

Kwa heshima zote dada wa Sharjah naona mwamtisha mtu bure. Mimi nimekwenda Dubai mara tatu kwa biashara ya nguo na tramadol yangu mfukoni kwa sababu ya mgongo na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza. Mama wa miaka 66 nani atamkagua.

Sharjah_tangu_2011

Kaka Watamu nashukuru Mungu umepita salama na nakuomba usirudie. Kutoulizwa mara tatu si ruhusa, wewe ni mzima wajitetea, yule ni mama mtu mzima hajui Kiingereza wala Kiarabu cha askari, atasimama pale peke yake. Sitaki hata kuliwaza.

Mfamasia_Malindi

Naungana na dada wa Sharjah kwa kila neno, na kaka Watamu nakuomba na mimi uombe idhini safari ijayo, karatasi si nyingi.

BintiMkomani nisikilize vizuri hapa. Usije sasa ukaogopa ukamkatia mama hizo tembe mbili leo jioni. Tramadol na pregabalin mtu akizitumia muda mrefu halafu akazisimamisha ghafla mwili unamgeukia, jasho, kutetemeka, kukosa usingizi, na wengine hata degedege. Zinapunguzwa kidogo kidogo na daktari ndiye anayepanga. Na usije ukambadilishia mwenyewe ukampa diclofenac au brufen za dukani useme hizi hazina shida Dubai, mtu wa sukari na presha figo zake ni za kuchungwa, zile zinaweza kuziumiza. Mrudishe kwa daktari wake wiki hii, mwambie tunasafiri tarehe fulani kwenda nchi fulani, je, anaweza kuendelea na moja tu tukaiombea idhini, au kuna nyengine? Na hata hiyo nyengine jina lake litafute kwenye orodha yao kabla hujainunua.

Kuhusu saa za sindano usijisumbue, Dubai iko mbele yetu saa moja tu. Cha kuangalia ni chakula. Usimpige insulini kwa sababu umesikia harufu ya chakula au umeona kigari kimetoka huko mbele. Ndege ikiingia mtikisiko wahudumu wanarudi kukaa na kile chakula kinaweza kuchelewa nusu saa na dawa ishaingia mwilini. Sahani iwe mbele yake, kifuniko kimefunguliwa, ndipo. Na uwe na tende mfukoni na kipimo cha sukari mkononi, kipimo kikiwa begini hakina faida.

Mwana_wa_Mashua

Mimi najua Manda tu, hayo ya Dubai nawaachia wenyewe. Kila siku navusha wasafiri na naona makosa yaleyale.

Begi la dawa lisipewe vijana pale gatini. Si kwamba wataiba, hapana, ni kwamba mabegi yote yanarundikwa kwa pamoja mbele ya boti, jua la saa sita linayapiga na mawimbi yanayarukia, na mukifika ng'ambo yanapakiwa mkokoteni yanatangulia nyinyi mwaja nyuma. Mama akae penye kivuli, kijifuko mapajani mwake, na kanga juu yake. Mtu akija kupokea mpe begi la nguo. Na muje mapema, maji yakitoka ngazi za gati zinakuwa ndefu na telezi na miguu yake ishasema kuwa yauma, muombeni nahodha asogee penye ngazi fupi na wawili wamshike.

Ndege ndogo zile nyingi begi ni kilo 15 basi na wanataka begi laini si sanduku gumu. Ile mashine ya mvuke waambieni kampuni kabla kuwa ni kifaa cha mgonjwa, mara nyingi hawaihesabu kwenye kilo lakini waulizwe mapema na jibu uwe nalo kwa maandishi. Na jengine, tazama tiketi yako ndege yatua uwanja wa Wilson au ule mkubwa wa Embakasi (JKIA) utakaopandia ya Dubai. Ikiwa ni Wilson kuna gari tena katikati na foleni za Nairobi mwazijua, barafu itakuwa ishayeyuka.

Mama_Barani, Malindi

Naingilia kidogo samahani. Mimi mwanangu ana selimundu na nimeona mumetaja ndege ndogo basi nikaona nisinyamaze kwa ajili ya wazazi wengine watakaosoma huku.

Ndege kubwa ndani yake hewa inasukumwa, mwili unahisi kama uko mlimani mita 1,800 mpaka 2,400 hivi. Lakini zile ndogo za propela moja kama Caravan hazina hiyo ya kusukuma hewa, unapata hewa ya juu kama ilivyo. Sisi watu wa usawa wa bahari hata Nairobi yenyewe iliyo mita 1,600 na zaidi tunaihisi kifuani. Mwanangu alikuwa na miaka minane, tulikuwa tunampeleka kliniki Nairobi, nikaona ndege ndogo ni rahisi, hakuna aliyenieleza, na mimi sikumuuliza daktari. Alianza kulia miguu kabla hatujatua. Nalikuwa nimemshika, vidole vyake vya baridi, na mimi sina hata maji ya kumpa kwa sababu niliyaacha kwenye ukaguzi. Tulilala hospitali siku nne. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba hewa ikipungua seli zake zinajikunja na mwili ukikauka maji inazidi. Siku hizi namuuliza daktari kwanza, tunachagua ndege ya kusukuma hewa au twenda barabarani kwa basi tukipumzika njiani, namnywesha maji tangu jana yake, namvisha sweta.

Kwa mama wa pumu na yeye nadhani aulizwe daktari kuhusu kifua kabla, je, anaweza kukaa masaa hayo au atahitaji oksijeni. Kama atahitaji, mtungi wa mtu mwenyewe hawaukubali mashirika mengi, yataka kuipanga na kampuni siku kadhaa kabla na daktari ajaze fomu yao.

Mfamasia_Malindi

Ahsante Mama Barani, Mungu amlinde. Kwa pumu, ile mashine usitegemee kuichomeka ndani ya ndege. Awe na inhaler yake ya kupuliza mfukoni pamoja na ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa (spacer), hiyo inaruhusiwa kabisa ndani. Mashine ataitumia akifika, plagi ya Emirati ni yenye miguu mitatu kama yetu na umeme ni uleule, haina haja ya adapta. Wenye mashine za betri nao wajue betri za akiba haziingii begi la chini, ni mkononi tu, kila moja imefunikwa vichwa vyake.

Na mwombeeni wilchea. Ombeni angalau siku mbili kabla. Embakasi mtakaguliwa zaidi ya mara moja kabla ya kupanda, ni mwendo mrefu kwa miguu ya sukari. Na viatu atavuliwa, basi avae soksi, asikanyage sakafu peku, mtu wa ganzi hahisi akikatwa.

BintiMkomani

Assalam aleikum. Narudi na habari, tuko Sharjah siku ya nne leo alhamdulillahi.

Daktari alituona wiki ileile niliyoandika hapa. Tramadol alimpunguzia taratibu mpaka ikaisha kabla ya safari, akamuachia pregabalin peke yake, na idhini tuliomba kwa tovuti dadangu akinisaidia kwa simu, walinirudishia mara ya kwanza kwa sababu ya jina, yaani lilelile alilosema Mfamasia, ripoti ilikuwa na jina la nyumbani. Nikarudi klinik wakaandika upya na muhuri. Ilipotoka nilichapisha nakala tatu.

Siku ya safari mama alikaa na kijifuko mapajani kutoka gatini mpaka Dubai, hata mimi hakunipa. Ukaguzi wa Nairobi askari mmoja msichana aliona sindano kwenye skrini akasimamisha mkanda. Moyo wangu uliruka. Nikasema ni za mamangu, ni za sukari, nikampa barua. Aliisoma mstari kwa mstari, akafungua kijifuko, akatoa chupa moja akaitazama jina, akairudisha palepale kwenye kitambaa kama alivyoikuta, halafu akamwambia mama "shikamoo, pole kwa ugonjwa, hata mamangu anatumia". Mama akamuombea dua palepale watu wamejaa nyuma yetu. Dubai nilitoa ile idhini mwenyewe bila kuulizwa, yule bwana aliitazama, akahesabu tembe kwa kidole moja moja juu ya karatasi ya fedha, zikawa sawa na zilizoandikwa, akatupa ruhusa. Hesabu ile. Fikiria ningekuja na mkebe.

Dada wa Sharjah nitakutafuta nikushukuru. Kuna swali moja limebaki, sindano zilizotumika huku nazitupa wapi, kwetu nyumbani mama anazichimbia.

Sharjah_tangu_2011

Alhamdulillah nimefurahi mpaka machozi. Usizitupe kwenye mfuko wa taka wa jikoni, wafagiaji wanachomwa. Chukua chupa ngumu ya plastiki ya sabuni ya maji ya kufulia, iwe tupu, tia sindano humo kila siku uifunge, ikifika robo tatu ipeleke hospitali au kituo cha afya kilicho karibu nanyi waulize wanapozipokea. Na chupa iwe juu ya kabati, kuna mtoto mchanga na wenzake ndani ya nyumba hiyo.